Wajukuu Wetu Watarithi Damu Gani?

Ndugu mwananchi, unajua umezaliwa na damu ya aina gani? Siulizi kundi O wala B, ambalo wengi tumeandikiwa kwenye kadi za hospitali. Nauliza kama wewe ni AA, AS au SS. Ukisema hujui, si wewe peke yako. Wengi wetu tumefika utu uzima, tumeoa, tumeolewa na tumezaa bila mtu yeyote kutuuliza swali hilo.

Nimeanzia hapo kwa sababu nataka tuzungumze jambo linaloonekana kubwa kuliko sisi: mwanadamu anaelekea wapi? Mageuko ya binadamu tumezoea kuyaachia wasomi na makumbusho. Nyayo za Laetoli, karibu na Ngorongoro, zilizofukuliwa na timu ya Mary Leakey mwaka 1978, zina umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6, na watu hupanda ndege kuja kuitazama nchi iliyotunza nyayo hizo. Lakini yaliyo mbele ya binadamu nayo yako hapa hapa, kwa watoto watakaozaliwa mwezi ujao katika hospitali ya wilaya yako.

Kama neno mageuko linakutia wasiwasi wa imani, tulia. Simwombi mtu auache msikiti wala kanisa. Ninachokieleza hapa hupimwa kwa tone la damu na huonekana kwa darubini, na mwenye imani yoyote anaweza kukitumia kuwalinda watoto wake.

Je, mwanadamu bado anabadilika? Wako wanaosema tumekwisha kufika mwisho. Tuna chanjo, maji ya bomba, upasuaji, na mtoto dhaifu ambaye zamani angefariki leo anakua, anasoma na kuoa. Kwa hiyo, wanasema, ule mchujo wa maumbile umekoma. Mimi sikubaliani nao. Mchujo upo, ila masharti yake yamebadilika, na sehemu ya masharti hayo siku hizi tunayaandika sisi wenyewe, majumbani na kazini.

Ushahidi wake tunatembea nao mwilini.

Mwaka 1949 mwanafunzi wa udaktari aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alirudi nchini humo na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford. Akakusanya damu za watu wa makabila mbalimbali na kuona jambo lililomshangaza. Wenye kinasaba cha selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita sikoseli, walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache sana katika nyanda za juu zenye baridi. Pwani na ziwani kuna nini ambacho milimani ni adimu? Kuna mbu. Allison akaendelea na utafiti huko Afrika Mashariki, na mwaka 1954 akachapisha jibu ambalo hadi leo hufundishwa vyuoni dunia nzima: kinasaba hicho kinamkinga mtu na malaria kali.

Inakuwaje? Kila mmoja wetu hurithi kinasaba kimoja cha himoglobini kwa baba na kimoja kwa mama. Kile cha kawaida huitwa A, na cha selimundu huitwa S. Ukipata A kwa wote wawili, wewe ni AA. Ukipata A kwa mmoja na S kwa mwingine, wewe ni AS: mtu mwenye afya kabisa, analima, anacheza mpira, na pengine hatagundua maisha yake yote. Mtu wa AS huumwa malaria kama wengine, lakini si rahisi impande kichwani au immalizie damu. Enzi ambazo hapakuwa na dawa wala chandarua, watoto wa namna hiyo ndio walionusurika kwa wingi, wakakua, wakazaa. Kizazi baada ya kizazi, kwa maelfu ya miaka, S ikaenea katika nchi za joto zenye mbu.

Kinga hiyo ni kama mkopo ambao anayeutumia siye anayeulipa. Mlipaji ni mtoto aliyepata S kwa baba na S kwa mama, yaani mwenye SS. Chembe zake nyekundu za damu hupinda, hukakamaa, huziba mishipa midogo. Mifupa humuuma kiasi cha kumliza hata mtu mzima. Damu humpungukia, macho humgeuka manjano, vidole vya mikono na miguu huvimba angali mchanga, na wako wanaopatwa na kiharusi wakiwa bado shule ya msingi.

Tanzania peke yake inakadiriwa kupata watoto takribani 11,000 wa namna hiyo kila mwaka. Uganda walipima damu za watoto wachanga nchi nzima katika miaka ya 2014 na 2015, wakakuta asilimia 13.3 wana AS na asilimia 0.7 wana SS. Kikae kikao cha ukoo chenye watu thelathini: kwa kiwango hicho, kwa wastani wanne hivi wanaibeba S bila kujua.

Sasa tazama ustaarabu wetu wa leo unavyoigeuza hesabu hiyo ya kale. Unguja na Pemba, kwa kazi kubwa ya miaka mingi, maambukizi ya malaria yameshushwa chini ya asilimia 1. Ni ushindi wa kujivunia. Lakini S haikuondoka na malaria. Kinasaba hakijui kwamba mbu wamepungua. Marekani malaria ilitokomezwa mwaka 1951, na hadi leo mtoto mmoja kati ya 13 wa Wamarekani weusi huzaliwa na AS, urithi wa mababu waliosafirishwa utumwani kutoka Afrika. Faida imekwisha, gharama imebaki. Mnaona? Maumbile huenda kwa mwendo wa vizazi, na kizazi kimoja cha binadamu huchukua miaka kama 25. Sisi tunaibadilisha nchi kwa miaka kumi.

Hapo ndipo huzuka wazo moja baya, na afadhali tulitaje kuliko kulipuuza. Katika karne iliyopita walikuwako watu wazito, wenye vyeo na shahada, waliosema kuwatibu wagonjwa wa kurithi ni kulidhoofisha taifa, kwamba waachwe wafe ili kizazi kisafike. Hata leo utasikia minong'ono ya namna hiyo kijiweni, ikisemwa kwa upole. Tuijibu kwa hesabu. Katika watoto 1,000 wa ule upimaji wa Uganda, wenye AS ni 133, nao wana S 133. Wenye SS ni 7, nao wana S 14. Sehemu kubwa ya S imo ndani ya watu wenye afya, kama wale wanaokwenda kazini kila asubuhi. Kumnyima dawa mtoto mgonjwa hakusafishi chochote. Ni ukatili tu.

Na dawa ipo. Utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda kwa watoto zaidi ya 600, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba dawa ya haidroksiyurea ikitolewa kwa uangalizi hupunguza maumivu, hupunguza haja ya kuongezewa damu, hupunguza vifo, na hata malaria. Mtoto akitambuliwa mapema, akapewa penisilini ya kinga hadi miaka 5, chanjo zote, foliki asidi na chandarua, anakua. Asipotambuliwa, inakadiriwa kwamba nusu au zaidi ya watoto hao barani Afrika hufariki kabla ya kutimiza miaka 5. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa, kwa watoto wenye selimundu. Zamani hilo tulilisikia kwa wanaopelekwa India tu.

Kuna jipya zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba inayohariri vinasaba vya chembe za uloto wa mgonjwa mwenyewe. Jina lake ni Casgevy. Marekani bei yake iliwekwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Soma tena hiyo bei. Ugonjwa ulio mwingi kwetu umepata tiba yenye bei ambayo familia zetu haziwezi kuifikia. Na mabadiliko yake hukomea kwa aliyetibiwa: watoto wake hawayarithi.

Lakini kubadilisha urithi wenyewe nako kumejaribiwa. Novemba 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kuzaliwa kwa mapacha ambao alivihariri vinasaba vyao wakiwa viini-tete. Dunia ilishtuka, na mwaka uliofuata mahakama ya nchini kwake ikamhukumu kifungo cha miaka mitatu. Kwa hiyo mlango huo umekwisha kuguswa. Siku utakapofunguliwa kwa sheria, nani ataamua mtoto aongezewe nini na aondolewe nini? Ningependa siku hiyo ikifika, mama wa Kigoma na mvuvi wa Kilwa wawe na la kusema, na huwezi kuwa na la kusema kuhusu damu usiyoijua.

Basi turudi nyumbani, kwenye yale yaliyo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni uchumba. Nyote mnajua harusi zetu zinavyokwenda. Kamati inakaa, mwenyekiti anachaguliwa, kadi za michango zinasambazwa, ukumbi unalipiwa, sare zinashonwa. Pengine wiki mbili kabla ya ndoa kiongozi wa dini anauliza: mmepima? Kwa wakati huo hakuna anayetaka kusikia jibu. Jibu lenyewe linakuwa mzigo, na vijana wanabaki na aibu isiyo yao. Je, si vyema kipimo kikatangulia posa? Mzazi, kijana wako akikutajia jina la mchumba, mwulize kwa upole kama wameshapima. Mshenga naye anaweza kulisema bila kumvunjia mtu heshima. Nanyi wanakamati, katika bajeti ile ya mapambo na keki, hamwezi kutenga fungu dogo la kuwalipia wachumba nauli ya kwenda maabara?

Wakiwa wote AS, ndoa ivunjwe? Si mimi wa kuamua, wala si shangazi. Hesabu ni hii: kila mimba, mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, mbili kati ya nne ya kuwa AS, na moja kati ya nne ya kuwa AA. Kila mimba huanza upya; kumzaa mmoja mgonjwa hakumaanishi watatu wanaofuata watakuwa wazima. Wako watakaoachana kwa amani wakiwa bado mapema. Wako watakaooana wakijua, wakajipanga, wakawa na bima ya afya na hospitali wanayoijua, na mtoto wao akapimwa siku za mwanzo. Wote hao nawaheshimu. Mimi ninachokiogopa ni ndoa ya kubahatisha.

Na mtoto wa SS akishazaliwa, jamani, tusimlaumu mama. Nyumba ngapi zimevunjika kwa sababu mtoto anaumwa kila mwezi, na ukoo wa baba unasema kwetu hakuna ugonjwa huo? Mtoto wa SS amepokea S pande zote mbili. Hakurogwa, wala hakuna aliyelaaniwa. Bibi na babu, neno lenu hapo lina uzito kuliko la daktari. Lisemeni.

Mama mjamzito na mwenzi wake, mnapokwenda kliniki, ulizeni kipimo cha selimundu kwa mtoto. Siku hizi kuna vipimo vya tone la damu la kisiginoni vinavyotoa jibu katika dakika chache. Si kila zahanati inacho, na muuguzi anaweza kukuelekeza mahali pengine. Ukiuliza wewe, akauliza jirani, akauliza na wa kitongoji cha pili, mganga mfawidhi ataandika barua kwenda wilayani. Huduma nyingi tulizonazo leo zilianza kwa watu kuuliza.

Mwalimu, wewe nawe una nafasi yako. Darasani kwako pengine yupo mtoto anayeomba maji mara kwa mara, anayeomba ruhusa ya kwenda chooni kila kipindi, anayekosa shule siku tatu kila mwezi. Figo za mwenye SS hazihifadhi maji kama zako, ndiyo maana wengi wao hukojoa kitandani hata wakiwa wakubwa, hasa bwenini. Mruhusu anywe maji. Asikimbizwe mchakamchaka kwenye baridi ya asubuhi. Anaporudi kutoka hospitali, mpe daftari la mwenzake anakili. Hayo hayahitaji mzungu wala mradi.

Kazini je? Bosi, yule kijana wa stoo anayeomba ruhusa kwa maumivu ya mifupa hakudanganyi. Maumivu ya selimundu hayaachi alama unayoweza kuiona. Na sisi tulio wazima tuchangie damu, maana mtoto anayeongezewa chupa leo hamjui aliyemchangia, na hatamjua.

Sasa nije kwenye malaria, ambako mageuko yanakimbia mbio tusizoziona.

Sisi huchukua miaka 25 kufikia kizazi kingine. Kimelea cha malaria huzaana ndani ya damu kila baada ya saa 48 hivi. Ukivipiga vimelea kwa dawa ukaacha njiani, vilivyobaki hai ndivyo vile sugu, na hivyo ndivyo vitakavyozaana. Tumekwisha kuliona hilo. Klorokwini ilikuwa dawa ya kila nyumba. Tuliinywa hadi tukawashwa mwili mzima. Ikashindwa, Tanzania ikaiacha mwaka 2001. Ikaja dawa ya SP. Nayo ikadhoofika, na mwaka 2006 tukahamia dawa ya mseto. Sasa vimelea vyenye mabadiliko yanayovisaidia kuistahimili artemisinini, kiini cha mseto, vimekwisha kuonekana Rwanda, Uganda na mkoani Kagera. Mseto bado unatibu. Swali ni kwa muda gani, na hilo linategemea sana kabati lako la dawa.

Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku 3. Homa hushuka siku ya pili, kichwa kinakuwa chepesi, na mtu anasema nitaviweka vilivyobaki vya kumpa mtoto akiumwa. Nia ni nzuri, ni ya mzazi anayebana matumizi. Lakini kwa vidonge hivyo vichache mtoto hatapona, na vimelea vya kijiji kizima vitapata mafunzo. Vimalize. Na wewe ndugu wa duka la dawa, mteja akisema nipe vya mia tano, mweleze. Akiwa hajapima, mpeleke kwanza akapime.

Chandarua je? Mwenye AS asijidanganye kwamba ana kinga ya kutosha; naye huumwa, na mbu wa kwake huenda kwa jirani. Mtoto mwenye SS ndiye hasa wa kulala ndani ya chandarua kila usiku, kwa sababu malaria ikimpata humshambulia vibaya kuliko yeyote nyumbani. Kile cha kufugia vifaranga au kukingia mboga bustanini kirudishwe kitandani. Najua kinafaa bustanini. Kitandani kinafaa zaidi.

Na pale panapotolewa chanjo ya malaria, kama Kenya ilivyoanza kanda ya ziwa mwaka 2019, mpeleke mtoto amalize dozi zote. Kadiri malaria inavyorudi nyuma, ndivyo ile sababu ya kale iliyoieneza S inavyopungua nguvu, na ndivyo inavyokuwa lazima kwetu kufanya kwa kujua kazi ambayo zamani ilifanywa na vifo vya watoto.

Juni 19 kila mwaka ni siku ya selimundu duniani, lakini usiingoje. Wiki hii, ukipita hospitali au kituo cha afya, ingia maabara. Kuna kipimo cha awali kinachosema tu kwamba S ipo au haipo, hicho hakitoshi. Omba kile kinachotenganisha AA, AS na SS, ambacho wataalamu hukiita elektroforesisi ya himoglobini, au kile cha haraka kinachofanya kazi hiyo hiyo. Jibu omba liandikwe kwenye karatasi, na karatasi ile iweke pamoja na cheti chako cha kuzaliwa. Aliyezaliwa AS hatageuka SS, kwa hiyo ukishapima mara moja kwa kipimo sahihi, inatosha. Kisha mwambie mwenzi wako, na watoto wako waambie kabla hawajaanza kuleta wachumba nyumbani.